Mgeni Apewaye Jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya methali hii ni wazi. Mgeni wa kawaida hupewa muda wa kupumzika. Huandaliwa chakula na malazi, na kazi humjia baadaye, akiisha kuwa mtu wa nyumbani. Lakini yuko mgeni wa namna nyingine, ambaye hupokewa kwa jembe mlangoni. Huyo hakualikwa kwa sababu ya udugu, bali kwa sababu ya nguvu za mikono yake. Na siku nguvu hizo zipunguapo, ukaribisho wake nao hwisha. Mgeni huyo ni mtu wa kazi ya kulipwa katika nchi isiyokuwa yake.

Watu wa Siakago na nyanda kavu za Mbeere wanamfahamu mgeni wa namna hii, maana wazee wao walipata kuwa yeye. Zamani, mvua ilipokosekana na maghala yalipokuwa matupu, watu walipanda kwenda upande wa Embu, penye mvua nyingi na ardhi yenye rutuba, wakalima mashamba ya wenyeji na kulipwa chakula. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, vijana walikwenda mbali zaidi kutafuta mshahara mijini na katika mashamba ya walowezi. Insha hii yaeleza habari za mgeni wa jamii hiyo hiyo, ijapokuwa jembe lake ni mpira. Ni mchezaji wa mpira wa kikapu atokaye Marekani kwenda kucheza kwa malipo katika nchi za ng'ambo. Safari yake ilianzia Ulaya, na katika miaka ya karibuni imefika hata Kigali, kwa majirani zetu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa katika mwezi wa Desemba mwaka wa 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Mwalimu mmoja aitwaye James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliagizwa kutafuta mchezo wa kuwashughulisha wanafunzi ndani ya jumba wakati wa baridi, ambapo haikuwezekana kucheza nje. Alipigilia vikapu viwili vya kutilia matunda, kimoja kila upande wa ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni. Akaandika sheria 13, kisha akawagawa wanafunzi 18 katika pande mbili za watu tisa tisa. Mchezo ule wa kwanza uliisha kwa bao moja kwa bila. Vikapu vilikuwa na vitako, kwa hiyo mpira ulipoingia ilibidi mtu apande juu kuutoa. Chuo cha Springfield kilikuwa mali ya YMCA, yaani Chama cha Vijana Wakristo, chenye matawi katika nchi nyingi; na kwa njia ya matawi hayo mchezo ulisafiri upesi. Katika mwaka wa 1893 ulikuwa umekwisha kuchezwa Paris.

Hivyo mchezo ulitangulia kuvuka bahari, na watu wa kuucheza kwa malipo walifuata baada ya miaka mingi. Kilichowaondoa kwao kilikuwa ni uchache wa nafasi. Ligi kuu ya Marekani ilianzishwa katika mwaka wa 1946, na tangu mwaka wa 1949 imeitwa NBA. Leo ina klabu 30, na kila klabu yaweza kuandika wachezaji 15 kwa mikataba ya kawaida. Ukizidisha, utapata nafasi 450. Kila mwaka klabu hizo huchagua vijana wapatao 60 tu, nao hutoka katika dunia nzima. Lakini vyuo vikuu vya Marekani vina mamia ya timu, na katika kila timu wamo vijana ambao tangu utoto hawakuota kazi nyingine. Je, wengine wafanye nini? Wapo waachao mchezo wakatafuta kazi ya ofisini au ya shuleni. Wapo wengine wafungao mizigo yao na kuuliza kama Italia, Ugiriki, Uturuki, Lebanoni au Japani wanahitaji mtu.

Si wote waendao kwa sababu ya kukataliwa. Bill Bradley alikuwa mchezaji mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Princeton. Katika mwaka wa 1965 klabu ya New York Knicks ilimchagua, lakini yeye alipendelea kwanza kwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alipokuwa huko, klabu ya Milano katika Italia ilimwomba aichezee katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Bradley hakuhamia Italia. Aliendelea na masomo yake, akawa husafiri kwa ndege kwenda kucheza na kurudi. Katika mwaka wa 1966 Milano ilishinda kombe hilo kwa mara ya kwanza, ikiifunga Slavia Praha kwa pointi 77 kwa 72. Baadaye alirudi kwao, akatwaa ubingwa wa NBA mara mbili pamoja na Knicks, katika mwaka wa 1970 na 1973, kisha akawa mjumbe wa Baraza la Seneti la Marekani kwa miaka 18. Kwake yeye mpira ulikuwa chombo kimoja kati ya vyombo vingi.

Bob McAdoo alikwenda katika umri ambao wengi hufikiri kupumzika. Katika mwaka wa 1975 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa NBA, na pamoja na Los Angeles Lakers alitwaa ubingwa katika mwaka wa 1982 na 1985. Mwaka wa 1986, akiwa na umri wa miaka 35, alijiunga na Milano. Kwao Marekani alikuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wazee. Ulaya akawa nguzo ya timu. Milano ilishinda Kombe la Mabingwa wa Ulaya katika mwaka wa 1987, ikalishinda tena mwaka wa 1988. Waitalia waliomwona walijifunza kwamba mtu mrefu si lazima akae chini ya kikapu tu, bali aweza kurusha mpira kutoka mbali kwa ustadi wa mtu mfupi. Mshahara wake ulilipwa na ukatumika. Somo hilo lilibaki kwa wenyeji.

Wasichana wasidhani kwamba habari hii ni ya wavulana peke yao. Ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilianza kuchezwa katika mwaka wa 1997. Msimu wake ni mfupi, na kwa muda mrefu malipo yake yalikuwa madogo, kwa hiyo wachezaji wake wengi walizoea kwenda ng'ambo msimu wa kwao ulipokwisha. Diana Taurasi, mmoja wa wafungaji wakubwa katika historia ya mchezo huu, alicheza miaka mingi katika Urusi. Katika mwaka wa 2015 klabu yake ya Yekaterinburg ilimlipa ili asicheze nyumbani msimu ule, apate kupumzika. Na malipo ya Urusi yalizidi mshahara wa kwao zaidi ya mara 10. Hebu lifikirini jambo hilo. Bingwa wa taifa kubwa alithaminiwa ugenini kuliko nyumbani, hata akalipwa kwa kukaa bila kazi. Yapasa tujiulize aibu ilikuwa ya nani: ya mchezaji aliyefuata riziki, au ya nyumbani palipomlipa haba?

Lakini bahati kama ya Taurasi huwapata wachache. Maisha ya mgeni wa kawaida ni magumu. Mkataba wake huwa wa msimu mmoja, na pengine wa miezi michache. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa idadi ya wageni katika timu. Kwa miaka mingi ligi ya Italia iliruhusu wageni wawili tu. Mpaka huo una haki ndani yake, kwa kuwa huwalinda vijana wa nchi wasinyimwe nafasi. Lakini huongeza uzito mabegani mwa mgeni. Akiwa mmoja wa wageni wawili, hatazamiwi kuwa sawa na wenyeji, bali kuwapita. Mwenyeji akicheza vibaya, watu husema kwamba kijana anajifunza. Mgeni akicheza vibaya, watu huuliza kwa nini analipwa. Timu ikishindwa mara tatu mfululizo, kocha hutetemeka, na mgeni huanza kutazama sanduku lake. Zaidi ya hayo iko lugha asiyoijua, sikukuu asiposherehekea na ndugu zake, na watoto wakuao mbali naye. Katika mambo hayo hatofautiani na kijana aliyeondoka Mbeere kwenda kuvuna majani ya chai katika shamba la mtu asiyemjua.

Kwa muda mrefu dunia ya michezo iliona haya kutaja fedha. Chama cha kimataifa cha mpira wa kikapu, FIBA, kilichoanzishwa mwaka wa 1932, kiliwatenga wachezaji wa NBA wasishiriki katika mashindano yake na ya Olimpiki, kwa hoja kwamba hao hucheza kwa malipo. Mwaka wa 1989 mwiko huo uliondolewa, na katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka wa 1992 Marekani ilipeleka mabingwa wake wakubwa. Michezo ile ilitazamwa katika dunia nzima, na vijana wa nchi nyingi walianza kuutamani mchezo.

Sasa tuje kwetu Afrika. NBA na FIBA zilishirikiana kuunda Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ijulikanayo kwa herufi BAL. Ilikusudiwa kuanza mjini Dakar katika mwezi wa Machi 2020, lakini ugonjwa wa korona ukaizuia. Msimu wa kwanza ulichezwa Kigali tangu tarehe 16 hadi 30 Mei 2021, katika jumba kubwa lililofunguliwa mwaka wa 2019, lenye viti vipatavyo 10,000. Klabu 12 zilishiriki, na Zamalek ya Misri ilitwaa ubingwa. Waanzilishi wa ligi walilifikiri swali la wageni mapema. Waliamuru kwamba katika wachezaji 13 wa kila timu, 9 kwa uchache wawe raia wa nchi ya klabu hiyo. Wanne waliobaki waliweza kutoka nje, lakini wasizidi wawili watokao nje ya bara la Afrika.

Katika nafasi hizo chache walitokea Wamarekani wawili ambao habari zao zafaa kuwekwa pamoja. Wa kwanza ni Jermaine Cole, mwanamuziki mashuhuri ajulikanaye kwa jina la J. Cole. Alikuwa na umri wa miaka 36, tena tajiri, na siku mbili kabla ya mchezo wake wa kwanza alikuwa ametoa albamu mpya. Alipenda mpira wa kikapu tangu ujana, na klabu ya Patriots ya Rwanda ikampa nafasi. Katika mchezo wa kwanza, Patriots iliposhinda Rivers Hoopers ya Nigeria, alifunga pointi 3. Alicheza michezo mitatu kwa jumla, dakika 45, akafunga pointi 5. Kisha, kabla mashindano hayajaisha, alirudi kwao kwa ajili ya mambo ya jamaa.

Wa pili ni Terrell Stoglin. Alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Maryland alikuwa mfungaji wa kwanza katika kundi la vyuo ambamo chuo chake kilishindana. Katika mwaka wa 2012 aliacha chuo ajaribu bahati yake katika NBA, lakini hakuna klabu iliyomchagua. Tangu hapo akawa mtu wa safari, akitoa jasho katika nchi mbalimbali. Alifika Kigali na AS Salé ya Moroko, akawa mfungaji wa kwanza wa mashindano yote, kwa wastani wa pointi zaidi ya 30 katika kila mchezo. Basi alipoulizwa habari za Cole, hakuficha hasira yake. Alisema kwamba mtu mwenye fedha na kazi nyingine amechukua nafasi ya mtu aliyeitumikia kazi hii maisha yake yote, na kwamba jambo hilo ni kuudharau mchezo.

Je, nani alikuwa na haki? Yafaa tupime kwa utulivu. Waliomtetea Cole walisema kwamba jina lake liliwafanya watu wengi wa mbali waifahamu ligi ambayo wasingeijua, na neno hilo ni la kweli. Ligi changa yahitaji watazamaji kama mche uhitajivyo maji. Tena, kwa sheria tuliyoitaja, Cole hakumnyang'anya Mnyarwanda kiti chake, kwa kuwa viti tisa vya raia vilikuwa salama. Alikalia kiti kimoja kati ya viwili vya wageni wa mbali. Aliyekikosa alikuwa mgeni mwingine kama Stoglin, mtu wa mkataba mfupi, ambaye pengine aliketi nyumbani akingoja simu. Kwa hiyo hasira ya Stoglin haikuwa wivu mtupu. Ilikuwa sauti ya mfanyakazi anayejua jinsi nafasi zilivyo haba. Mwenye shamba ana ruhusa ya kumwajiri amtakaye; lakini akimpa jembe mtu aliyekuja kujifurahisha, na mwenye njaa amesimama langoni, hawezi kukataza watu wasiseme.

Jambo la kukumbuka ni kwamba njia ya mgeni haiendi upande mmoja. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam katika mwaka wa 1987. Alianza mchezo akiwa amekwisha kuwa kijana, akaenda Marekani, akawa mlinzi mashuhuri wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka wa 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua awe wa pili katika vijana wote wa mwaka ule, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA. Hakustawi kama ilivyotumainiwa. Kabla msimu wa kwanza haujaisha alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo. Akabadilishwa klabu mara kwa mara, na baada ya mwaka wa 2014 hakucheza tena katika NBA. Baadaye alicheza Yokohama katika Japani, kisha Taiwan. Wako wamchekao. Wamchekao hawajapima urefu wa njia aliyopita. Yeye naye alipewa jembe mlangoni, tena mbele ya macho ya dunia, na aliposhindwa kulima kwa kasi iliyotakiwa hakuachwa ajifunze polepole. Lakini hakuitupa kazi yake, bali aliipeleka palipokuwa na shamba.

Kenya nayo imevuna kwa watoto wake waliotoka. Katika mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya taifa ilipambana na Angola, mabingwa wa Afrika wa mara nyingi. Wakati ulipokuwa ukimalizika, Tylor Ongwae, aliyesoma na kucheza Marekani, kisha akacheza kwa malipo Denmark, alirusha mpira ukaingia, na Kenya ikashinda kwa pointi 74 kwa 73. Kwa ushindi huo Kenya ilirudi katika mashindano ya mataifa ya Afrika baada ya miaka 28. Mwalimu wa timu alikuwa mgeni pia: Liz Mills, mwanamke kutoka Australia, ambaye katika mashindano hayo yaliyofanyika Kigali akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume. Huko Kenya iliifunga Mali, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa tofauti ya pointi mbili tu. Na katika mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya BAL.

Kutokana na habari hizi twapata mafunzo mawili. La kwanza ni la mgeni mwenyewe. Kazi ya mwili ni fupi. Mchezaji wa miaka 35 huitwa mzee, wakati mwalimu au fundi wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kukomaa. Bradley alibeba elimu pamoja na mpira, na mpira ulipomwacha elimu ilimpokea. Kijana wa Siakago mwenye urefu na wepesi asizuiwe kutumaini, lakini ajue hesabu ya viti 450, na asiuze daftari lake ili anunue viatu vya kuchezea.

La pili ni la mwenyeji. Kumkataa mgeni mwenye ujuzi ni kujifungia ndani pamoja na ujinga wetu. Kumpa shamba lote ni kuwafanya watoto wetu watazamaji. Iliyo bora ni desturi ya katikati: viti vya wenyeji vilindwe kwa sheria, viti vichache vya mgeni vigombaniwe kwa haki, na malipo yake yatolewe kamili na kwa wakati, maana yeye naye ana watoto wamngojeao. Kisha, msimu ukiisha na mgeni akiisha kuondoka, wenyeji wahesabu pointi zake, na pamoja nazo wawahesabu vijana wangapi wa nchi waliojifunza kwake jambo wasilolijua kabla hajafika.